Kura ya Mengia

Jumamosi saa mbili asubuhi Gion Caviezel alikuwa ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe juu ya kijiji. Theluji ilimfika kifuani, na nyingine ilikuwa ikimwagika tangu Alhamisi. Alikata kipande cha mraba ukutani mwa shimo, akalaza bapa la sepetu juu yake na kuligonga kwa ncha za vidole, kama wapimaji wafanyavyo. Pigo la tatu tu, kipande kikakatika na kuteleza; mapigo yakiwa machache, mlima u karibu kuporomoka. Chini palikuwa na theluji ya Desemba, punje kavu zisizoshikana.

Mkewe Mengia, aliyefukiwa na poromoko la theluji miaka kumi na mmoja iliyopita, alikuwa ameketi ukingoni akining'iniza miguu. Huja kila dhoruba kubwa.

"Mwaka wangu kilikatika kwa pigo la tano," alisema.

"Nakumbuka."

"Na soksi ndizo hizo hizo. Huoni haya, mwanamume mzima?"

Gion angependa kukaa shimoni siku nzima. Nyumbani alizoea kuzungumza na jiko.

Saa nne kamati ya kijiji inayoamua kufunga barabara ikakutana hotelini: Gion, Risch mwenye hoteli, na Duri mwenye lifti za wateleza theluji. Risch alimsogezea Mengia kiti. Jumamosi wageni wa wiki huondoka na wapya huingia, na barabara ya kushukia ni moja, chini ya mlima ule.

"Ifungwe," alisema Gion. "Imekatika kwa pigo la tatu."

"Kaka, kila mwaka wewe ni ifungwe, ifungwe," alisema Duri. "Tukikusikiliza tutabaki sisi na mbuzi."

Wakapiga kura. Gion alinyoosha mkono, na Mengia naye.

"Samahani, shemeji," Risch alisema kwa upole. "Ulishafutwa kwenye daftari la wakazi."

Mengia akashusha mkono. Wawili wakamshinda mmoja. Kijijini hapo kura ikishapigwa wanakamati wote hutia saini karatasi ya uamuzi, hata aliyepinga, ili watu wasione mgawanyiko. Gion akatia. Mwaka ule wa Mengia alikuwa ametia vilevile barabara ibaki wazi, na kwa hiari, na aibu yake haijawahi kumtoka.

Nje alimwambia mkewe abaki, supu ya shayiri ipo.

"Siwezi. Huko kwetu tunatandika vitanda."

Gion hakutaka kuuliza, lakini akauliza. "Vingapi?"

"Kumi na tisa. Na kimoja kidogo, cha mtoto."

"Na changu?"

"Chako bado. Wewe kesho una shimo la kuchimba."

Akaondoka kuelekea bondeni, haraka, kama mtu mwenye kazi.

Saa sita kasoro robo basi la wageni lilikuwa limejaa. Gion alisimama mlangoni, akamwambia dereva asiteremke bondeni, mlima utaanguka. Dereva, kijana wa bonde la pili, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua karatasi ya kamati juu ya dashibodi na kumwonyesha mstari wa chini.

"Mzee Gion, hii si saini yako?"

"Ni yangu," alisema Gion, akasogea kando ili mlango ufungwe.