Nyumba ya Mama Bado

Jumamosi, siku moja kabla ya Sikukuu ya Mavuno, Atupakisye alilala mchana, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuwa ameketi sebuleni akipukuchua mahindi kwa hasira. Asubuhi mzee wa kanisa alikuwa amepita kuuliza kama kesho familia itasimama mbele kumshukuru Mungu kwa ajili ya binti wa mama huyu, Tusekile, ambaye masika ya mwaka huu aliangukiwa na ukuta wa jiko akafukuliwa akiwa hai, mguu umevunjika. Atupakisye alimjibu bila kuzunguka kwamba watasimama siku mtoto atakapotupa gongo lake la kutembelea. Kwa sasa bado. Tusekile alisikia yote. Hakulia. Alichechemea hadi mlangoni, akalifunika kwa kanga boga lake, boga alilolipanda pale kizingitini mguu ukiwa kwenye plasta, akawa analimwagilia na kulisemesha kila siku kama mdogo wake, akingoja siku ya kwenda nalo mbele. Kimya hicho kilimchosha mama kuliko mahindi. Akaegemeza kichwa ukutani, bunzi la mahindi likamponyoka mkononi.

Mara akajiona barabarani, kati ya watu wengi waliobeba mavuno wakipanda kilima kuelekea nyumba ambayo paa lake lilimeremeta kwa mbali. Walikuwa wanaimba. Yeye alikuwa amelikumbatia lile boga. Mvua ikaanza kudondoka, na kando ya njia mwanamke mnene, aliyevaa kitenge kizuri, akamwita kwa upole. Jina lake, alisema, ni Bado.

"Karibu ndani, mwenzangu. Utamwendea Mwenye nyumba na matope miguuni? Kaa kwanza ukauke."

Ndani viti vilikuwa laini na chai ilikuwa ya moto. Wageni walijaa, kila mmoja na mavuno yake mapajani. Mama mmoja alipakata mkungu wa ndizi zilizokwisha kuwa nyeusi. Alikuwa anangoja mwanawe apate kazi ndipo aende kushukuru. Mzee mmoja alishika jogoo aliyezeeka pamoja naye, akieleza kwamba shamba limetoa, ila si kama la mwaka ule mwingine. Dirishani alisimama kijana aitwaye Linganisha, akifuta kioo kwa mkono wa shati na kuwaita wageni mmoja mmoja waje kutazama. Atupakisye alipofika aliwaona watoto wa majirani wakiruka kamba, miguu yote miwili hewani.

"Wale ndio wa kushukuriwa," Linganisha alimnong'oneza. "Wako, tuseme ukweli, umerudishiwa nusu."

Atupakisye akaitikia kwa kichwa. Alipogeuka, mlango alioingilia haukuwapo.

Hakupiga kelele. Ni mtu wa vitendo: alizipapasa kuta, akagonga hapa na pale, akauliza ufunguo uko kwa nani. Bado alicheka, akamwongezea chai. Alimwambia kwamba nyumba yake haijawahi kuwa na kufuli wala haijamzuia mtu. Wageni wenyewe hulitaja jina lake, basi. Ndipo Atupakisye akaona kwamba kila mmoja wao aliposema "bado", kuta zilisogea kidogo. Punde matofali yakamgusa bega. Yalikuwa mabichi, na yalinuka udongo wa jiko lake siku ile. Boga likaanza kulainika upande mmoja, chini ya kidole chake.

Akaomba. Alitoa maneno anayoyajua tangu utoto, ya kushukuru kwa uhai na afya na mema yote. Yaligonga ukuta yakarudi chini kama makapi.

"Hayo ni maneno ya kila mtu," ilisema sauti karibu na sakafu. Mwanamke mwembamba alikuwa amepiga magoti akichimba, tope limemfika viwikoni. "Siku ile, wewe uliomba nini?"

Atupakisye alijibu kwamba siku ile hataki kuisikia.

"Najua. Mimi ni Kumbukumbu, na tangu masika unanifungia mlango. Uliomba mguu?"

Ukuta ulimbana kifua. Akausukuma kwa mabega.

"Sikuomba mguu," alisema. "Niliomba akohoe. Nilikuwa nachimba na hakukuwa na sauti yoyote. Nikamwambia Mungu, akohoe tu, nisikie."

"Na Mungu?"

"Akakohoa. Mwanangu akakohoa."

Hakuwahi kumwambia mtu. Machozi yakamtoka, na akasema kwa sauti yake ya nyumbani, si ile ya kanisani, "Mungu wangu, asante kwa kile kikohozi. Ulinipa nilichokuomba, nami nikakununia."

Tofali moja likaanguka upande wa nje, mwanga ukaingia, kisha likafuata jingine. Bado akainuka haraka kwenye kiti. "Na mguu je? Mguu bado."

"Naujua mguu wa mwanangu. Nitauombea. Nipishe."

Akapenya kwa ubavu, boga kifuani. Nyuma yake alimsikia mzee wa jogoo akiuliza kama mvua imekatika. Ilikuwa imekatika zamani.

Kilichomwamsha ni kikohozi. Tusekile alikuwa kwenye jiko jipya, anapuliza moto. Siku nyingine Atupakisye angefoka, toka kwenye moshi. Safari hii alikaa akisikiliza, bunzi sakafuni, na akautambua ule ukuta: aliujenga mwenyewe, humu ndani, akajifungia pamoja na mtoto.

Alikwenda mlangoni, akafunua kanga, akaligeuza boga akitafuta palipolainika. Lilikuwa gumu kote.

"Tuse, mpigie mzee wa kanisa. Mwambie kesho tunasimama."

Msichana alitokea jikoni, macho mekundu kwa moshi. Aliliangalia boga, kisha gongo lake.

"Mama, kutoka mlango wa kanisa hadi mbele ni mbali. Mimi nitachelewa. Watu watachoka."

"Boga nitabeba mimi," Atupakisye alisema. "Wewe tembea. Wataimba mpaka ufike."