Kiingereza cha Thaddée Siku ya Posa

Ngoja niseme wazi: ndugu yangu Thaddée nusura avunje posa ya binti yangu kwa Kiingereza chake cha sinema.

Hakukipata shuleni. Tulipofika Fridley, Minnesota, kutoka Uvira, kanisa lilitupa kochi, sufuria na boksi zima la filamu za zamani za Hollywood, zile zisizo na rangi. Thaddée alizitazama mpaka akaanza kuongea kama matajiri wa humo: kidevu juu, r zote amezimeza, kila neno limepigwa pasi. Kiwandani wanamwita Bwana Balozi. Yeye anadhani ni sifa!

Basi Rodney, mchumba wa Mutesi wangu, mzaliwa wa hapa hapa, akaja na baba yake na bibi yake mzee, Maureen, aliyebeba bakuli la viazi. Msemaji wetu nani? Thaddée, ati ndiye anayejua Kizungu. Mimi mama wa binti, mahali pangu jikoni, mdomo kufuli.

Kwetu msemaji hukataa kwanza. Wageni hucheka, hubembeleza, mambo yanaendelea. Lakini Thaddée aliegemea kabati, akabetua mdomo, akasema, "Hapa hatuna binti wa kuolewa. Kwaherini." Sauti ilikuwa ya tajiri anayefukuza ombaomba. Hata mimi niliogopa.

Baba yake Rodney akaomba radhi kwa usumbufu. Watu wa Minnesota hawa, jamani! Rodney alikuwa ameonywa na Mutesi asiseme neno, naye akatii, macho yamemtoka. Wakavaa makoti, wakabeba na viazi vyao, wakatoka.

Mutesi akaangua kilio chumbani. Nikamrukia Thaddée. "Mjinga wewe! Wafuate!"

"Yaya Euphrasie, dada yangu, si lazima wabembeleze kwanza?"

"Nani abembeleze sauti hiyo?"

Mlango ukagongwa. Alikuwa Maureen, amemshika Rodney mkono, baba yake nyuma yao na bakuli la viazi. Bibi yule akainua kidevu, akatoa Kiingereza kile kile, tena amemeza r kumzidi Thaddée:

"Bwana, filamu hizo nilizitazama zote nikiwa msichana. Kijana anayefukuzwa kwa sauti hiyo hurudi, na haondoki bila binti."

Thaddée akafungua kinywa akatae mara ya pili. Nikamkanyaga mguu kwa uzito wangu wote.

"Karibuni," akasema, kwa Kiswahili cha Uvira. Kiingereza kilikuwa kimemkimbia.

Nililia mbele yao wote kwa furaha. Viazi havikuwa na chumvi hata chembe. Nikala, nikaongeza.