Mwendo wa Mama Ndeshi

Jumapili ya Pasaka Ndeshi alifika kijijini kwao Akheri mapema, akaegesha gari kando ya kanisa, akawasubiri wazazi wake. Akawaona wakitokea chini, kwenye njia ipitayo migombani. Baba yake, mzee Elimringi, alikuwa ndani ya koti lake la kijivu, mgongo umenyooka, mikono ameifumbata nyuma. Mama yake, Aikaeli, alikuwa ubavuni kwake, na mwendo wake ulimtia Ndeshi simanzi. Alitembea kidogo, akasimama kukaza kanga. Akatembea tena, akasimama kumsalimia jirani aliyekuwa akifunga geti. Mbele kidogo akainama kutoa kijiwe kwenye kiatu. Kila aliposimama, mzee naye alisimama, akautazama mlima kama mtu asiye na haraka, mpaka mkewe awe tayari.

Waliingia kanisani wimbo wa kwanza umekwisha.

"Mama yenu amechoka," mzee alimwambia Ndeshi baada ya ibada, kwa sauti ya chini. "Sisemi sana, lakini amechoka."

Ndeshi, mtoto wao wa kwanza, alikuwa mwalimu wa sekondari mjini na alikuwa amejenga nyumba huko huko, Kimandolu. Alimkumbuka mama huyu akishuka soko la Tengeru na mkungu wa ndizi kichwani, na kuupanda mlima tena kabla chai ya saa nne haijapoa. Akaamua kwamba wazazi wake watahamia kwake. Kulikuwa na chumba kisicho na ngazi, na hospitali haikuwa mbali.

Alipowaambia, mzee aligeuka kuutazama mlima. Mama aliendelea kumenya ndizi.

"Mtakavyoona," alisema.

Jibu hilo lilimtia Ndeshi hofu kuliko mwendo wenyewe. Mama yake hakuwa mtu wa kukubali jambo bila kulibishia kwanza.

Kabla ya kuwahamisha alimwomba Naisiae aje Akheri awaone. Naisiae alikuwa msichana wa usharika wake, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kazi yake ilikuwa kuwapima wazee nguvu za mwili, ili ijulikane nani anahitaji msaada na msaada gani.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi," Naisiae alisalimia Jumamosi ile, akiinamisha kichwa.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee alijibu toka kwenye kochi. "Wewe ni wa wapi?"

"Monduli, babu."

"Kwa wafugaji! Basi huondoki hapa mpaka umtazame ndama wangu, uniambie kama amekaa vizuri."

Wakacheka, wakanywa chai. Kisha Naisiae akaanza na maswali. Je, wanaweza kubeba ndoo ya maji? Kupanda kilima bila kupumzika? Kuinama na kuokota kitu? Mzee alijibu kila swali kwa neno moja: "Naweza." Mama alijibu kwa kusitasita: "Najaribu," au, "Siku nyingine." Kwa kusikiliza tu, mtu angesema bibi ndiye wa kuhurumiwa na babu ni chuma.

"Tuanze na bibi," alisema Naisiae. Akaweka kiti cha mbao katikati ya sebule, akamwomba Aikaeli akunje mikono kifuani, asimame na kukaa, asimame na kukaa. Aikaeli aliinuka taratibu akiguna, akashika meza. Akakaa kwa kujitupa. Ndeshi alitazama pembeni. Kisha Naisiae akampa kifaa cha kupima nguvu ya kiganja, na bibi alipokibana, yule binti akainua macho.

"Bibi, huu mkono!"

"Ni wa kukamua," Aikaeli alisema upesi, kama aliyefumaniwa.

Hapo ndipo kelele zilipotoka bustanini. Ndama alikuwa amekata kamba na kuingia kwenye maharage.

Aikaeli aliruka kutoka kitini. Hakushika meza wala ukuta. Alishuka ngazi za baraza, akauvuka mfereji kwa hatua moja ndefu, akamkimbilia ndama na kumdaka shingoni kabla hajafika mstari wa pili. Ndeshi alibaki mlangoni kinywa wazi.

Naisiae hakuwa akitazama nje. Alikuwa akimtazama mzee. Mzee alikuwa ametaka kuinuka amsaidie mkewe. Alisukuma mikono ya kochi, akafika nusu, magoti yakatetemeka, akarudi chini. Akajaribu tena. Akarudi tena. Ndeshi alipogeuka, alimkuta baba yake ameketi, anatazama viganja vyake.

Aikaeli alirudi akijifuta mikono kwa kanga. Aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa. Akaenda kukaa juu ya mkono wa kochi, karibu na mumewe.

"Mama," Ndeshi alisema, "umekimbia."

"Angemaliza maharage."

"Na kule njiani, Pasaka?"

Aikaeli alikaza kanga. Mzee ndiye aliyejibu.

"Anasimama kwa ajili yangu."

Mkewe alishtuka, akamgeukia. "Kumbe ulijua?"

"Mama Ndeshi, mwaka mzima viatu vyako vinaingia mawe, vyangu havijaingia hata moja. Tunapita njia moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema, ungeanza kunishika mkono mbele za watu. Ukisimama kukaza kanga, mimi napumua, na bado tunatembea wote wawili kama zamani. Nikaona tuache hivyo hivyo. Halafu nikawaambia watoto kuwa wewe ndiye umechoka. Hilo sikulipenda."

"Mimi sikulijali," Aikaeli alisema. "Mwanamke akizeeka nani anashangaa? Lakini wewe ndiye uliyeuchimba huo mfereji pale nje. Sikutaka wakutazame vile."

"Ndiyo maana ulikubali kuja Kimandolu?" aliuliza Ndeshi.

"Nilidhani kule si mlima sana."

Ndeshi alikwenda jikoni akasema anaangalia maziwa. Hayakuwa yamebandikwa.

Aliporudi, Naisiae alikuwa amechuchumaa mbele ya mzee. "Babu, naomba nikupime na wewe. Si kwa kukuaibisha. Nisipojua ulipo, sitajua pa kukuanzishia."

Mzee alivua koti, akalikunja vizuri, akampa mkewe. Alipimwa kuinuka, kutembea mpaka barazani na kurudi, kusimama kwa mguu mmoja huku Aikaeli ameshika kiti kana kwamba ndiye anayepimwa. Naisiae alimuuliza hali ile ilianza lini. Ilianza baada ya nimonia ya mwaka juzi, mzee alisema. Alilala kitandani muda mrefu. Alipopona, Ndeshi alishamtafutia kijana wa kukata majani ya ng'ombe, Yoeli, na alishaleta makochi mapya.

"Makochi mazuri," alisema. "Ukikaa hayakuachii."

Ndeshi alijishika kichwa. "Baba, kumbe ni mimi."

"Wewe ulileta kwa upendo. Nami nikakaa kwa upendo."

Hata Naisiae alicheka. Kisha akawaeleza: mapaja yamelegea kwa kukosa kazi, na mapaja hurudi yakipewa kazi, hata kwa mzee. Lakini kwanza daktari amwone, kwa sababu huenda kuna jambo jingine.

Lilikuwapo. Hospitali walimkuta na upungufu wa damu, wakampa dawa. Fundi wa Akheri akamtengenezea kiti kirefu cha mbao chenye mikono imara. Kila mara kabla ya kula alitakiwa kusimama na kukaa, huku Aikaeli akimhesabia kwa Kimeru. Alipomwona anatoka jasho, Aikaeli aliruka namba ili wamalize haraka, na mzee alimrudisha nyuma: "Umeiba."

Haikwenda vizuri siku zote. Mvua zilipokolea mzee aligoma. Alisema yeye si mtoto, na kwamba amechoka kucheza na kiti. Saa za mazoezi zilipofika Aikaeli aliketi kwenye kiti kile, akawa anasimama na kukaa peke yake, akihesabu kwa sauti. Siku kadhaa zilipita. Asubuhi moja mzee akaweka kikombe chini.

"Toka. Hicho kiti ni changu."

Kahawa ilipoanza kuiva Naisiae alikuja tena na kifaa chake. Alipima yote tangu mwanzo. "Babu, ujana haurudi," alimwambia. "Lakini sasa unainuka mwenyewe." Hakuna aliyezungumza tena habari za kuhama.

Mwezi uliofuata Aikaeli alikubali mwaliko wa mdogo wake, Elinaza, aliyeishi mjini, mtaa wa Kwa Mrombo, na aliyekuwa akimwita tangu mwaka juzi. Alikuwa hajalala nje ya nyumba yake tangu mumewe alipougua. Aliaga mara nyingi. Alirudi mlangoni kusema loshoro, yale mahindi ya mtindi, iko kwenye sufuria ya bluu, na kwamba Yoeli yuko karibu. Mzee akamwambia gari litamwacha.

Asubuhi yake, Kwa Mrombo, simu ililia kabla hajanawa uso.

"Umeamkaje?" sauti ya mumewe ilikuwa juu, kwa sababu hakuamini simu husikia vizuri.

"Salama. Wewe je? Nani amekuinua?"

"Nimeinuka. Nimekunywa chai. Sasa niko zizini."

"Umekaa wapi huko zizini?"

"Sijakaa, Mama Ndeshi. Nimesimama, naongea na wewe. Kaa na mdogo wako, usiharakishe kurudi."

Aikaeli aliishika simu hata baada ya kukatika. Elinaza aliingia na birika, akamkuta dada yake anajifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Kuna habari gani nyumbani?"

"Nzuri," alisema Aikaeli. "Nimiminie chai, nikuhadithie."