Twiga Watatu na Pikipiki ya Bule

Job alikuwa ameapa mbele ya bweni zima, mkono juu ya Biblia ya mtu mwingine, kwamba likizo ya Agosti haitakwisha kabla hajaivuka nyika ya kaskazini peke yake juu ya pikipiki, na kwamba angerudi na picha yake akiwa amesimama na twiga. Bweni likacheka. Valentine, aliyelala kitanda cha juu, na ambaye soksi zake ziliwahi kumfanya paka wa shule ahamie bweni la pili, hakucheka. Alisema kwa upole wa hakimu: "Sawa. Usipoleta picha, utanifulia soksi muhula mzima. Na wewe na twiga muwe kwenye picha hiyohiyo. Usituletee kalenda."

Ndiyo maana asubuhi moja ya mwaka ule, mafuriko ya El Niño yakiwa yamekauka na kubaki nyufa tu, Job alisimama nyuma ya soko la Garsen mbele ya Bule. Bule alikuwa Mworma wa ng'ombe wengi na maneno machache, na ndiye mtu pekee mjini aliyekubali kumkodisha pikipiki. Wengine wote waliuliza anakwenda wapi, na walipoambiwa "popote, kutazama mandhari," walimwangalia kwa huruma na kuuliza kama mama yake ana habari.

"Hii iko na kelele mingi," Bule alisema, akiipiga tangi kofi la mapenzi. "Lakini nguvu iko. Jioni irudi. Na sikia, kijana. Ukifika pale mti mkubwa imeanguka, usisimame. Usipunguze mwendo hata kidogo. Pita tu."

"Kuna nini pale?"

"Watakumaliza."

 Job alizijua habari za majambazi wa barabara ya kaskazini. Mabasi yenyewe hayakwenda Hola, mji wa mbele, bila askari. "Ni wengi?"

"Kama mia," Bule alisema. "Na hawasikii mtu."

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani kunywa chai. Job alizifikiria zile soksi, akaivaa shingoni kamera ya mjomba wake Laban, iliyobakiwa na picha moja tu baada ya harusi kula filamu yote, akapiga kiki.

Kwa muda mfupi alikuwa mfalme. Barabara kuu ya kaskazini ilinyooka mbele yake, nyeupe kwa vumbi, miti ya mikoma imesimama huku na huku kama askari wasiolipwa mshahara, korongo wakiruka kutoka madimbwi ya mwisho. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kengele, wala kiranja, wala mwalimu wa zamu. Job aliimba wimbo wa shule kwa maneno ambayo mwalimu mkuu hakuwahi kuyaidhinisha.

Kisha ukaja mti ulioanguka. Na palepale, kana kwamba mvua na majambazi walikula njama, mafuriko yalikuwa yamekata barabara na kuacha bonde la mchanga. Job alipunguza mwendo. Asingeweza kufanya vingine. Gurudumu la mbele likazama, pikipiki ikaunguruma kwa hasira bila kusogea, na vichaka vikaanza kutikisika pande zote mbili.

Wakatokea. Walikuwa na pembe.

Job alipoona ni ng'ombe alicheka hadi machozi yakamtoka. Kicheko hicho alikijutia sana baadaye, kwa kuwa ng'ombe hawakuwa wakipita. Walikuwa wakija. Walikuja mbio, mikia juu, kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula, wakamzunguka, na ndimi zao zikaanza kazi. Walilamba tangi. Walilamba kiti na shati na goti lake. Mmoja, mweupe, mwenye macho ya mcha Mungu, alilamba kioo cha kamera kwa utulivu mkubwa.

Nyuma yao akaja msichana wa rika lake, fimbo begani, viatu vya akala vya mpira wa gari miguuni.

"Hiyo ni pikipiki ya baba," alisema. Huyu alikuwa Nimo, binti wa Bule. "Chumvi iko wapi?"

"Chumvi gani?"

"Magadi. Baba analeta kila wiki na hii pikipiki. Wao wanajua sauti. Wakisikia tu, wanakuja."

"Mimi sina chumvi! Mimi nimekodi. Mimi ni mtalii!"

"Usiambie mimi," Nimo alisema. "Ambia wao."

Job aliisukuma pikipiki hadi ng'ambo ya mchanga, akapiga kiki, akaondoka kwa kasi. Lakini barabara baada ya pale ilikuwa mashimo yaliyounganishwa kwa mashimo mengine, na kasi ya pikipiki ikawa sawasawa na kasi ya ng'ombe mwenye hamu. Kila alipogeuka nyuma, waliona uso wake na kutiwa moyo. Alipita kushoto, wakapita kushoto. Alikata kichakani upande wa mto ili awapoteze, akachanwa na miiba hata kwenye masikio, na alipotoka upande wa pili walikuwa wanamsubiri, kwa sababu wao njia waliijua. Alikodi upweke, akapewa msafara.

"Unawachosha!" Nimo alipiga kelele, akihema.

"Mimi ndiye ninayewachosha?"

Akazima injini ili amjibu vizuri zaidi. Na hapo, katika kimya, akawaona.

Walikuwa watatu, wamesimama kando ya barabara, karibu kiasi cha kuhesabiwa kope. Twiga. Walitafuna na kumtazama kama wazee wa baraza wanaomtazama mshtakiwa ambaye bado hawajamchoka.

"Nimo," Job alinong'ona, akiifuta kamera mate kwa ncha ya shati. "Dada yangu. Mpenzi wa Mungu. Shika hii. Mimi nikifika pale karibu nao, bonyeza hapa."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wametulia."

Kweli walikuwa wametulia. Injini ilikuwa imenyamaza, na pikipiki isiyolia haikuwa na maana kwao. Nimo aliinua kamera. Job alinyata, hatua kwa hatua, mikono nyuma kama mtu anayekwenda kupokea zawadi ya siku ya wazazi. Twiga hawakukimbia. Bado kidogo tu. Bado kama upana wa bweni.

"We kijana," Nimo akasema nyuma yake. "Lile shamba ni la nani?"

Job aligeuka. Alipokata kichaka alikuwa ametokea karibu na mto kuliko alivyodhani, na mbele ya ng'ombe, kijani na chenye mabua ya juu, kilikuwa kiraka cha mahindi. Alikijua. Kilikuwa cha shangazi yake, Asenath. Mafuriko yalimchukulia migomba, mpunga na kibanda. Haya mahindi yalikuwa kitu cha kwanza ardhi ile kumrudishia. Na ng'ombe wa mfugaji Mworma wakila shamba la mkulima Mpokomo, hapakuwa na mtu Garsen aliyehitaji kuelezwa kwamba yatafuata mapigano. Ng'ombe mweupe alikuwa tayari ameshanusa, na wenzake wamegeuza vichwa.

Nimo alitupa fimbo, akakimbia, lakini walikuwa wengi na yeye mmoja. "Washa!" alipiga kelele. "Washa pikipiki!"

Job aliwatazama twiga. Twiga walimtazama. Akiwasha, ng'ombe wangerudi, na twiga wangeondoka. Asipowasha, angepata picha yake nzuri, na nyuma ya picha, mahindi ya shangazi yakiliwa.

Alitamka neno moja ambalo halifundishwi shuleni, akakimbia, akapiga kiki. Pikipiki ikanguruma kwa kelele zake zote. Vichwa vikageuka kutoka kwenye mahindi, mikia ikainuka. Barabarani, shingo tatu ziliyumba juu ya vichaka, taratibu, na kupotea.

Kwa hiyo Job aliiona nyika ya kaskazini. Aliiona kwa gia ya kwanza, akiwavuta ng'ombe wa Bule mbali na mashamba, vumbi puani na pumzi ya mweupe kisogoni, mpaka walipofika kwenye maji na kumsahau.

Akirudi alimkuta shangazi Asenath kando ya shamba, jembe mkononi, akichunguza kwato.

"Job! Wewe ndiye uliyeniletea ng'ombe hapa?"

"Mimi ndiye niliyewaondoa, shangazi."

"Na nani aliwaleta?"

Job akapiga kiki.

Mjini, Bule hakuangalia mafuta wala magurudumu. Alipitisha kidole juu ya kiti, akakitazama kilivyolowa, akakifuta kwenye kikoi.

"Ulipunguza mwendo," alisema.

Jumapili ya kwanza ya muhula, bombani nyuma ya bweni, Valentine alichuchumaa na kumtazama Job akisugua.

"Kwa hiyo walikuwa watatu?"

"Watatu."

"Karibu?"

"Karibu kama wewe hapo."

Valentine alitikisa kichwa kwa heshima kubwa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa jozi nyingine.