Hata Nikifumba Macho

Tarehe tisa mwezi wa tatu, asubuhi, mvua ilikuwa ikinyesha bila upepo, mvua ya kushuka wima, na baba alikuwa ameshageuza kiti chake. Mvua ikinyesha, baba hakukaa akitazama dirisha. Alishika mikono ya kiti, akajisukuma kwa ule mguu wake mzima mpaka uso ukaelekea kabati la vyombo, na hapo alibaki hadi mvua ikatike. Dada yangu na mimi tulikua tukimwona akifanya hivyo na hatukumuuliza. Nyumbani kwetu hakuna aliyetamka neno ajali. Tulisema ile mvua. Kabla ya ile mvua, mwaka wa ile mvua, kama wengine wanavyosema kabla ya vita.

Nilisimama mlangoni na viatu mkononi, vinachuruzika, nikimwomba Mungu anipe sentensi ya kwanza. Nilikuwa nimepata kazi. Nilikuwa nimepata kazi mbili, nami nilikuwa nimechagua ile itakayonipeleka mbali na baba, wakati baba alikuwa anakufa.

Hilo la kufa tulilijua sote watatu. Daktari alikuwa ametueleza habari ya mapafu yake mimi na dada, koridoni, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mgonjwa yuko nyuma ya pazia na masikio yake hayaumwi. Hakututajia muda. Alisema mwenye la kumfanyia mzee asiahirishe.

Mimi nilichelewa katika kila kitu. Shule niliiacha mwaka wa ile mvua, nikabaki nyumbani kumwosha baba na kumfundisha kutembea upya, huku dada akienda kutafuta riziki yetu. Nilipoirudia shule nilikuwa mtu mzima. Mchana nilisukuma mikokoteni ya mizigo kwenye uwanja wa ndege. Jioni nilikaa kwenye dawati la watoto wadogo, magoti yakigonga mbao, nikijifunza hesabu na fizikia pamoja na walinzi, washonaji na mama mmoja muuza mitumba aliyekuwa akisinzia kalamu mkononi. Sikufungua daftari bila kusali. Nilisali hata kabla ya jaribio dogo la Ijumaa, mpaka mwalimu wetu wa jioni akaniambia nisimsumbue Mungu kwa swali ambalo jibu lake liko ukurasa wa mwisho wa kitabu. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikasali.

Chuo cha urubani nilikipata kwa ufadhili, na huko wenzangu walikuwa vijana ambao ningeweza kuwazaa. Wakaniita Shangazi. Siku niliporusha ndege peke yangu mara ya kwanza walijipanga kando ya uzio, wakawa wanaambiana kwamba Shangazi anapaa, fungeni mikanda hata nyinyi mlio chini.

Rubani mpya hapewi ndege za kuvuka bahari. Huanza na kampuni za safari fupi, za mji kwa mji, na kampuni mbili za namna hiyo ziliniita. Moja tuliiita Kampuni Kubwa. Ndege zake zilikuwa bado zinanuka upya, na kituo chake kilikuwa mjini kwetu. Ningeweza kumpa baba dawa ya asubuhi, nikaenda kazini, nikarudi kumpa ya jioni. Ya pili ilikuwa na ndege za pangaboi zilizozeeka, viti vimetiwa viraka, na kituo chake kilikuwa mji wa mpakani, safari ya kutwa nzima kwa basi. Vijana wa chuo waliiita Mkokoteni wa Mbinguni. Walinitania kwamba Shangazi ameisukuma mikokoteni ya chini hadi amechoka, sasa ameamua kuifuata ya juu.

Wakati huo sikuwa nimeamua hivyo hata kidogo. Kwangu jambo lilikuwa limekwisha. Nilikuwa nimepiga magoti na kumwambia Mungu kwamba namshukuru kwa Kampuni Kubwa, maana ameniweka karibu na baba, na nikainuka. Dada alikuwa ameshahamisha kabati lake ili kitanda changu kipate nafasi. Baba, ambaye si mtu wa kuomba, alikuwa ameniuliza jioni moja, akitazama kikombe chake, kama ni kweli nitakuwa hapa hapa. Nikamjibu kwamba Mungu akipenda, nitakuwa hapa hapa.

Lakini desturi ya kazi yetu ni kwamba kabla ya kutia sahihi, kampuni humkalisha rubani mpya kwenye kile kiti cha kukunja, nyuma ya kapteni na msaidizi wake, safari moja, atazame tu. Mkufunzi wetu alitusisitizia twende kote kote tulikoitwa. Alisema sare msizitazame. Tazameni msaidizi anapofungua mdomo.

Nieleze hapa neno moja, maana mambo yote yaliniingia kwa mlango wake. Ndege inaposhuka kutua, ikiwa kuna chochote ambacho hakijakaa sawa, mmoja wa marubani anasema tuzunguke. Hapo pua inainuliwa, ndege inapanda tena, inazunguka na kuja upya. Kanuni inasema neno hilo halina cheo. Akilisema msaidizi aliyeanza kazi jana, kapteni mwenye mvi anatii, na maswali yanangoja mpaka magurudumu yasimame.

Kapteni wa Kampuni Kubwa aliitwa Pamba, kwa sababu ya kutua kwake. Abiria hawakujua kama wamefika mpaka waone watu wanasimama. Alikuwa mcheshi, aliniita Shangazi bila kuambiwa na mtu, akaniuliza kama kiti kile cha kukunja hakinibani. Tulipokaribia uwanja mawingu yalikuwa chini na mvua ilipiga vioo. Tulikuwa juu kuliko ilivyopasa na mwendo ulikuwa mkubwa. Hata mimi niliona. Msaidizi, kijana mwenye shati lililonyooka kama karatasi, akasema kwa sauti ndogo, "Kapteni, tuzunguke."

Pamba hakugeuka. Alitabasamu tu, nililiona shavu lake likipanda.

"Tulia, mdogo wangu. Uwanja huu hata nikifumba macho nafika."

Mwili wangu uliyajua maneno hayo kabla ya kichwa changu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya viti viwili, mvua kwenye kioo, mwanamume akiendesha. Harufu ya plastiki iliyopata joto ikanijia, na ya kitambaa cha kichwani cha mama kilicholowa. Baba alikuwa dereva wa kupeleka bidhaa za duka, na siku ile alitupakia mimi na mama katika gari la kazi kuturudisha nyumbani. Mama alisema, "Baba watoto, tusimame kidogo ipite." Hakusema kwa ukali. Baba akacheka, akamwambia barabara hii hata nikifumba macho nafika. Sisi wawili tulifika, baadaye sana, kwa gari jingine. Maneno hayo tuliyasikia watu watatu, na mmoja alizikwa nayo. Dada hakuwamo. Sikuwahi kumwambia.

Pamba alitua. Alitua kama pamba, na abiria wakapiga makofi. Kwenye basi la wafanyakazi akawahadithia wengine kwamba leo amesafiri na Bwana Zunguka, na jina likamganda yule kijana hapo hapo. Watu walicheka mpaka dereva naye akacheka. Kijana alicheka pia. Tuliposhuka alikuwa akifuta viganja vyake kwenye suruali, na alipoona nimemwona, akaniambia taratibu, "Utazoea, Shangazi."

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda mpakani, nikiwa na matumaini ya siri kwamba Mkokoteni nao ni wale wale, ili nirudi nyumbani kwa amani. Kapteni wao aliitwa Babu Reli, kwa kuwa ndege yake ilichelewa kama treni. Alikuwa mkavu, hana hadithi, anakohoa. Siku ilikuwa nyeupe kwa jua. Msaidizi wake, binti mgeni wa kazi, alisema tuzunguke wakati tumekaribia kabisa kugusa ardhi. Babu Reli naye hakugeuka; mkono wake ulikuwa umeshasukuma mpini wa injini. Ndege ikanguruma, tukapanda, na nyuma nikasikia abiria wakimtaja Mungu, wengine kwa sala na wengine kwa namna nyingine.

Binti alikuwa ameona kitu cheusi kikitambaa kwenye njia ya kutulia. Tulipotua tulikikuta kando. Lilikuwa karatasi la nailoni, limepeperushwa kutoka kwa mafundi wa paa. Binti alitaka ardhi immeze. Waliokuja kupokea wageni walikuwa wakisema treni imeingia. Babu Reli akaliokota karatasi, akalikunja, akalitia mfukoni.

"Umesema vizuri," akamwambia. "Kesho ukiona jingine, sema tena."

Usiku huo sikuomba ishara. Niliomba nisiwe nimeona nilichokiona. Nilimkumbusha Mungu habari ya kitanda, ya kabati la dada, ya baba na kikombe chake. Nilimwambia kwamba Pamba huenda akafika salama maisha yake yote. Magoti yaliniuma, na asubuhi nilijua kwamba siwezi kukaa tena nyuma ya kiti kile na kuzoea.

Basi ndiyo nikawa mlangoni na viatu vyangu. Dada alikuwa akipanga dawa za baba, na shangazi yetu, dada yake baba, ambaye hakuacha kutuletea habari za watu na kuondoka na zetu, alikuwa amekaa kwenye mkeka na miguu imenyooshwa. Nilipowaambia kwamba nakwenda mpakani, shangazi alipiga kofi goti lake. Akasema kazi iko mlango wa pili nami nataka kwenda kulala ukingoni mwa dunia, na kwa gari bovu la angani. Dada akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye zile dawa, kama ninajua kwamba nikirudi sitamkuta baba.

Nilimwambia najua.

"Kwa nini, mama?" Baba aliuliza akitazama kabati. Mimi alizoea kuniita mama.

Nilikuwa na uongo wangu tayari. Ningesema kule cheo hupanda haraka, wangekasirika, yakaisha. Badala yake nikaanza kumhadithia safari ya Pamba: mvua, kijana, neno lake. Nilipofika penye jibu la kapteni nilinyamaza. Shangazi akaniharakisha, akauliza huyo kapteni alisemaje basi. Nikalisema. Nililisema kwa upole wote niliokuwa nao, kama unavyomvua mtoto shati lililogandamana na kidonda.

Kikombe cha baba kilikuwa kinakwenda mdomoni. Kikasimama.

Mvua ilizidi juu ya mabati. Shangazi alitutazama mmoja mmoja, akijua kuna kitu kimepita chumbani na hakukiona. Baba aliteremsha kikombe mpaka kwenye paja, akakishika kwa mikono miwili.

"Mama yenu aliniambia tusimame," alisema.

Dada aliacha dawa. Ile ilikuwa mara ya kwanza kulisikia. Alinitazama mimi kabla ya kumtazama baba, na nilichokiona machoni pake nimekuwa nikikiombea tangu siku ile.

Baba alikohoa kwa muda mrefu. Alipopata pumzi alisema niende huko wanakosikilizana. Halafu akaniomba nimgeuzie kiti. Nilidhani nimesikia vibaya, maana mvua haikuwa imekatika. Nikakigeuza. Akakaa uso kwa uso na dirisha, maji yakishuka kwenye kioo, na hakuna kati yetu aliyejua aweke wapi mikono yake.

Alikufa kabla ya mwaka kwisha. Nilipata habari uwanjani mpakani, ukungu umefunga, hakuna ndege wala basi linalotoka. Nilifika kaburi limeshafukiwa, udongo bado mwekundu. Dada alinipa mkono kama anavyopewa mgeni. Baada ya hapo tuliandikiana yaliyo ya lazima tu, miaka mingi.

Na Pamba? Alistaafu akiwa mzima, akapewa maua na saa ya ukutani. Hakuwahi kukwaruza ndege hata rangi. Nimeliweka hilo mbele ya Mungu mara nyingi, na kila mara nimeinuka nikiwa nalo.

Babu Reli ndiye aliyenivalisha alama za begani za ukapteni, akikohoa, bila hotuba. Asubuhi ya safari yangu ya kwanza katika kiti cha kushoto, kile cha kapteni, mvua nyembamba ilikuwa imeanza, na dada alipanda ndege. Sikumwalika. Nilikuwa nimemwandikia tarehe tu. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha marubani na mkoba wake mikononi, nywele zimeingia mvi, akaniambia amekuja kuona kilichonichukua. Akaenda kukaa kiti cha mbele, chenye kiraka, na akageuza uso wake mbali na dirisha. Kumbe naye.

Niliomba mlango uachwe wazi. Fundi alikuwa bado hajashuka, mhudumu wa abiria alikuwa akipanga vikombe, na msaidizi wangu, kijana mpya, alikuwa ameketi ameshika magoti yake kama anayengoja kuitwa kwa mwalimu mkuu. Nikawaomba fundi na mhudumu wasimame kidogo wanisikie. Kisha nikamgeukia yule kijana, nikapaza sauti ifike hadi kiti cha mbele.

"Hawa ni mashahidi wako. Nakuahidi mbele yao na mbele ya Mungu: ukisema tuzunguke, nitazunguka. Hata kama ni karatasi."