Barua ya Baba kwenye Kompyuta Namba Mbili

Mimi si mmbea. Mmbea ni shangazi Ernesta, na kosa langu lilikuwa kumwambia.

Mwaka ule wa 2002 bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, mashamba ya mkonge huko tambarare yalikuwa yakipunguza watu, na kila aliyepunguzwa alifungua biashara. Wenzake Anold, bosi wangu, walifungua mabanda ya mitumba. Yeye alileta kompyuta tatu Same mjini, akavuta laini ya simu, akaandika mlangoni INTANETI, kisha akaniweka mimi, Redempta, kwenye meza ya kupokea wateja. Mtandao wenyewe ulikuwa wa polepole. Mtu alifungua barua, akatoka kunywa chai, akarudi akaikuta bado inafunguka.

Mchungaji alipolalamika kwamba vijana wanatazama picha chafu, Anold alipiga simu kwa kampuni ya Moshi iliyokuwa ikituuzia mtandao. Wakamleta fundi na programu yao. Tangu siku hiyo, kila kilichokuwa kwenye kompyuta za wateja nilikiona kwenye skrini yangu.

"Sasa wateja tuwaambie?" Anold aliuliza.

"Ya nini?" fundi akacheka. "Hata sisi kule Moshi tukitaka tunaona mnachopitisha. Mambo ya kawaida hayo."

Nikakubali kuwa ni ya kawaida. Na sitadanganya, niliyafurahia.

Baba yangu, mzee Abednego, alikuwa mlinzi wa ndiva kijijini kwetu Mhezi, lile bwawa linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Mama alikuwa amefariki miaka sita kabla. Mhezi nzima tulitumia sanduku moja la posta, la usharika, na barua ziligawiwa baada ya ibada kwa kuitana majina. Mwinjilisti Zebedayo hakuwa na haya hata chembe. "Abednego! Kutoka Ugweno! Mwandiko wa kike!" Usharika mzima ukageuka. Baada ya hapo baba alianza kushuka Same kila Ijumaa kuandika barua pepe.

"Huku hakuna Zebedayo," aliniambia, akachagua kompyuta namba mbili, iliyotazama ukuta.

Ijumaa moja, kwa kidole kimoja, aliandika: "Veneranda, nimechoka kula peke yangu. Nakuomba tuoane. Sitatuma washenga mpaka uniambie wewe mwenyewe. Fikiri bila haraka."

Nilitokwa na machozi ya furaha pale mezani. Jumapili nikamnong'oneza shangazi Ernesta, dada yake baba, nikamwapisha asimwambie mtu. Kweli, hakumwambia mtu. Alikwenda mwenyewe. Alichukua wazee wawili, debe la tangawizi na sukari kilo nne, akafika Ugweno kwa mama Veneranda kupeleka posa. Kwetu posa ikishabisha hodi na majirani wakaiona, mwanamke hana tena nafasi ya kufikiri: ama ameposwa, ama amemkataa mtu hadharani. Mama Veneranda, muuguzi mstaafu, aliwapa chai, kisha akawarudishia tangawizi yao.

Ijumaa tatu baba alifungua sanduku lake la barua pepe. Tupu. Alipozisikia habari za posa, alimbana shangazi, naye, ili kunificha, akadai alioteshwa. Baba hakuamini ndoto hiyo. Aliamua kwamba kampuni ya Moshi, iliyotuuzia mtandao, ndiyo iliyosoma barua yake na kuitangaza.

"Nafungua kesi," akasema.

Mpare akisema hivyo hatanii. Kwetu watu wameshtakiana miaka tisa kwa sababu ya mgomba ulioangukia kwa jirani. Ijumaa ya nne baba aliingia na koti lake la Krismasi, mashtaka ya kurasa tatu mkononi, akiwahi basi la Moshi.

"Baba, kaa," nikasema. "Ni mimi."

Nikamgeuzia skrini. Aliitazama, kompyuta namba mbili ikionekana yote mezani kwangu.

"Miaka ishirini na miwili nafungua maji," akasema. "Najua nani anachukua mengi na nani kidogo. Sijawahi kumfuata mtu shambani kutazama amepanda nini." Akakunja karatasi zake. "Na wewe ni mwanangu. Hata kukushtaki siwezi."

Heri angenishtaki. Nililia kuliko siku ya barua.

Jumatatu nilikwenda Ugweno. Anwani ya barua pepe ya mama Veneranda niliijua, lakini nayo nilikuwa nimeiiba, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta akichuma kahawa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa mzee Abednego, wa pale kwenye kompyuta za Same."

"Marahaba. Wewe ndiye msomaji?"

Nikaomba radhi, nikaeleza yote, tangu programu mpaka tangawizi.

"Na alivyoandika kuhusu miguu yangu, ulisoma?"

Nikainamisha kichwa. Alicheka mpaka akashika mti wa kahawa. Kisha akafuta macho. "Nilikuwa karibu kukubali, unajua. Ila nilitaka nikubali mimi, siyo majirani wanikubalie. Nenda. Nikiwa tayari nitamjibu yeye."

Niliporudi nilibandika ukutani karatasi: UNACHOANDIKA HAPA KINAONEKANA MEZANI. Kufikia saa sita mchana hapakuwa na mteja hata mmoja. Anold alifoka, nami nikafoka zaidi yake. Siku ya pili, alipoona viti vitupu, akapiga simu Moshi mwenyewe waje kuiondoa programu yao. Fundi akaahidi kuja wiki ijayo.

Ijumaa baba alifika kabla ya fundi. Alisoma karatasi ya ukutani, akanitazama, akaenda kukaa palepale, namba mbili. Nilivua kitenge changu cha begani nikaifunika skrini yangu. Nikakalia mikono yangu. Nasema kweli, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilisikia kiti kikilia. Nilimsikia baba akikohoa, kisha akikohoa tena. Pembe ya kitenge ilikuwa inchi mbili tu kutoka kwenye vidole vyangu.

Mwishowe akasimama mbele ya meza.

"Umesoma?"

"Sijasoma, baba."

Akakitazama kitenge, akanitazama mimi. Uso wake ukaanza kufunguka taratibu, kama barua za mtandao wetu.

"Njoo, basi. Sasa nakuita mimi."

Nikaenda mpaka namba mbili. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja na nusu:

"Ndiyo. Lakini kama binti yako ameisoma hii kabla yako, simtaki harusini."

"Nimjibuje?" baba akauliza, kidole kikiwa tayari hewani.

"Mwambie nitapika makande ya harusi," nikasema, nikarudi mezani kwangu ili aandike peke yake.