Feruzi wa Bidifu

Ziada hakuwa mtu wa kukosa jibu. Asubuhi ile ya Februari 1988, wakati wa fika, ile kahawa ya saa tatu ambayo Waswidi hawaikosi hata mvua ya mawe inyeshe, Gunvor alimwuliza kama watu wa kwao wanawajua mababu zao. Ziada akajibu huku akimega andazi lake la mdalasini:

"Babu wa mama yangu alihesabiwa na Waingereza. Yumo kwenye sensa yao."

Gunvor akakitua kikombe. Alikuwa mkubwa wa zamu katika maabara ya hospitali kule Flemingsberg, mama wa miaka sitini na miwili aliyekaribia kustaafu. Jumamosi zake zote zilikwisha mjini, katika chumba cha kusomea kumbukumbu, akifukua vitabu vya kanisa la kijiji alichozaliwa. Wiki ile alikuwa amemfikia babu wa mwaka 1640, na maabara nzima ilikuwa imeshasimuliwa.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Bado," Ziada akasema. "Lakini yumo."

Jibu lile lilikuwa limemtoka kabla hajalipima, lakini hakulijutia. Kwao, nje kidogo ya mji wa Tabora, yapo mashamba yanayoitwa Bidifu. Aliyeyapa jina hilo ni Feruzi, babu wa mama yake, aliyefariki mzee sana miaka ya thelathini. Kila alipoulizwa ametoka wapi, Feruzi alijibu neno moja tu, "Bidifu," kisha akaeleza kwamba ni huko Ulaya, alikopelekwa na mmishenari na kurudi na mwavuli. Wajukuu walijivunia. Majirani walicheka. Wenye midomo walisema Ulaya hakufika hata kidogo. Alikuwa mtumwa aliyeachwa na msafara, na Bidifu ni neno la kujitungia.

Maneno hayo hayakuishia kwenye vicheko. Mwaka 1969 dada yake Ziada alipoposwa, wazee wa upande wa pili walisikia habari za mtumwa wakarudi nyuma. Mama yao alilia siku tatu. Mjomba Mrisho, mkubwa wa ukoo, aliapa mbele ya watu kwamba ipo siku hati itapatikana. Miaka mitano baadaye Ziada alikuja Stockholm kwa mafunzo ya maabara, akapata kazi, akapata nyumba Norsborg, na hati ilikuwa haijapatikana.

Jioni ile alipotoka kazini alipitia maktaba, akaomba atlasi ya Uingereza. Hakuisoma kwa macho, aliisoma kwa mdomo. Alifuata pwani, mji baada ya mji, akiyatamka majina taratibu kama ambavyo angeyatamka bibi yake aliyekulia Tabora. Mtu aliyekaa meza ya pili alimtupia jicho. Ziada akamtabasamia akaendelea. Alipofika Devon, upande wa kusini-magharibi, ulimi wake ulisimama wenyewe.

Bideford.

Akalirudia kama Mwingereza, akiimeza ile r. Bidifodi. Miaka mia ya midomo ya Kinyamwezi ilikuwa imemung'unya mkia tu. Kichwa na kiwiliwili vilikuwa vizima.

"Nimeupata mlango wake," alimwambia Gunvor kesho yake. "Sasa nionyeshe namna ya kubisha."

Gunvor alionyesha, na kwa furaha ya mtu aliyepata mwanafunzi uzeeni. Waingereza hufungia orodha zao za sensa miaka mia moja, alieleza, kwa hiyo ya karibuni inayosomwa ni ile ya 1881, nayo imepigwa picha kwenye filamu zinazoazimwa hata kutoka Uswidi. Ila haina faharasa ya majina. Lazima mtu ajue mji, kisha apite nyumba kwa nyumba kama karani mwenyewe alivyopita.

Filamu ilifika mwishoni mwa Aprili. Jumamosi sita Ziada alikaa mbele ya mashine ya kusomea filamu, akizungusha mpini, na Gunvor pembeni na vitabu vyake vya kanisa. Waswidi huitana kwa majina matupu, lakini moyoni Ziada alishaanza kumwita Bibi Gunvor. Hati ya karani ilikuwa mbaya, ila Ziada alikuwa amesoma hati za madaktari kwa miaka kumi na minne, hakuna mwandiko uliomtisha. Alipita mabaharia, mafundi viatu, washona glavu, wajane.

Jumamosi ya sita, karibu na saa sita mchana, aliacha kuzungusha mpini.

"Gunvor. Njoo."

Ilikuwa nyumba ya kasisi mmoja aliyerudi kutoka Afrika. Mkewe, dada yake, mpishi, kijakazi. Mstari wa mwisho uliandikwa jina moja lisilo na la pili: Ferooz. Umri miaka ishirini na minne. Katika safu ya uhusiano na mwenye nyumba, mpishi na kijakazi waliandikwa watumishi. Yeye aliandikwa mgeni. Na katika safu ya kazi: mwalimu wa lugha.

Ziada aliusoma mstari ule mara tatu. Alimwona mama yake akilia kwenye mkeka. Akamwona kasisi wa Kizungu ameketi mbele ya kijana wa miaka ishirini na minne, akikosolewa namna ya kusema "nimefika" na "nilifika".

"Mwalimu," alisema kwa sauti, na chumba kizima kikageuka. "Alikuwa mwalimu wao!"

Gunvor alimkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na minne. Ndipo kidole chake kikaenda safu ya mwisho, ya mahali mtu alipozaliwa. "Na hapa pameandikwaje?"

Ziada alikuwa anangoja Unyanyembe, jina la zamani la nchi ya Tabora. Karani alikuwa ameandika: Ooroowa, Afrika.

"Labda alisikia vibaya," Gunvor akasema.

"Hapana. Karani aliandika alichoambiwa. Hizi o mbili ni u yetu. Uruwa." Akalitamka tena. Ulimi wake haukusimama popote. Hilo jina hakulijua.

Walitoa nakala ya ukurasa. Njiani kurudi, kwenye treni ya mstari mwekundu, Ziada aliishika nakala mapajani na kulipitisha jina lile katika lahaja moja baada ya nyingine kichwani. Alijua pia nani wa kumwuliza. Ghorofa ya chini yake aliishi Severin, Mzaire kutoka Kalemie, mpakizi wa mizigo katika ghala moja la Jordbro, mtu ambaye kwa miaka mitatu walikuwa wakiazimana sufuria na kubishana kuhusu Kiswahili cha nani kilicho safi.

Severin alisoma kwa kusogeza midomo. Kisha akaketi.

"Mama Ziada, hii jina iko ya kwetu. Ni Urua. Bazee ya pale kando ya ziwa walikuwa wanaita Baluba vile, Warua. Mimi mwenyewe niko Muluba."

"Una hakika?"

"Kama jina la mama yangu."

Ziada akaikunja nakala taratibu. Severin akaongeza kwa sauti ya chini, "Wakati ule, watoto ya Urua hawakufika Tabora kwa kutembea tembea. Misafara iliwachukua. Unaelewa, si ndiyo?"

Alielewa. Wenye midomo walikuwa wamekosea Ulaya, lakini hawakukosea utumwa. Feruzi alikamatwa mtoto, akavushwa ziwa, akafika Tabora akiwa mali ya mtu. Kisha akaenda akawa mwalimu wa kasisi. Na alipoulizwa ametoka wapi, akachagua jina la mahali alipoandikwa mgeni. Ziada alihisi uchungu ukimpanda, kisha kitu kingine kikapanda nyuma yake kikaupita. Mtu huyu hakuwa mdogo kuliko alivyosimuliwa. Alikuwa mkubwa zaidi.

Usiku huo hakungoja ushauri wa mtu. Alimwandikia Mjomba Mrisho kurasa nne, hakuficha kitu, akatia na nakala ndani ya bahasha.

Jibu lilikuja Septemba, kwa mwandiko uliokoleza wino kwa hasira. "Mwanangu, mambo ya ualimu nimeyapokea kwa mikono miwili. Hayo ya Urua yaache huko huko. Wenye midomo tutawafungulia kinywa sisi wenyewe?" Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa hivyo. Ukurasa wa pili mwandiko ulitulia.

"Makarani wa sensa walipita hapa mwezi uliopita, wakaniuliza nimezaliwa wapi. Nikawajibu. Walipoondoka nikafikiri, babu naye aliulizwa hivi hivi, ugenini, akiwa peke yake, na akasema kweli. Mimi niliye nyumbani nitaogopa nini? Basi Ijumaa baada ya swala nimewakusanya wote Bidifu, na wale wa ile posa ya dada yako nikawaita. Nimewasomea barua yako mpaka mstari wa mwisho. Hakuna aliyecheka. Mama yako anakusalimu, na anasema kuna kitu amekumbuka. Babu alipoitwa na mtu mwenye cheo, aliitika *eyo vidye*. Sisi watoto tulikuwa tukimwigiza, tukidhani ndicho Kiingereza alichotoka nacho Ulaya."

Ziada aliteremka ngazi na barua mkononi, hakuvaa hata viatu. Severin alifungua mlango akiwa na mwiko wa kusongea ugali.

"Severin, *eyo vidye* ni Kiingereza?"

Mwiko ulibaki hewani. Kisha Mluba yule alicheka mpaka akaegemea mlango, na alipofuta macho, machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Ni Kiluba. Mukubwa akikuita, unaitika vile: ndiyo, bwana. Baba yangu alinichapa juu ya kusahau. Nani anasema hivyo kule Tabora?"

"Sisi," Ziada akasema. "Ukoo mzima wa Bidifu."

"Basi ingia, dada yangu. Ugali unaungua."

Walikula kwanza. Kisha Ziada akaomba kalamu, na kwenye meza ya Severin akamwandikia mjomba maana ya neno lile. Chini yake akaandika jina la kijiji cha wazee wa Severin na njia ya kukifikia: reli kutoka Tabora mpaka Kigoma, meli mpaka Kalemie, na kutoka hapo kuna lori la Jumanne.